Uraia wa kuzaliwa, wa kurithi au wa tajnisi: mtu wa Kigoma na Tabora asimamie upi?

Mtu wa Iringa anaweza kuishi hadi uzee bila kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Mtu wa Ujiji, Manyovu, Kagunga au Ulyankulu anaulizwa mapema, mara nyingi siku ile ile anapokwenda kuomba kitambulisho cha NIDA. Akijibu kwamba amezaliwa hapa, maswali ndiyo kwanza yanaanza. Atatakiwa kumtaja baba, mama, babu na bibi wa pande zote mbili, na kijiji walikotoka. Asiyejiandaa anaambiwa arudi siku nyingine, na wapo wanaorudi mwaka hadi mwaka.

Sheria yetu ina njia tatu za uraia: kuzaliwa, kurithi, na tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, ambayo wengi tunaiita kuandikishwa. Nimeziweka sambamba kwa ajili ya watu wa mikoa hii miwili, Kigoma na Tabora, kwa sababu kuanza na njia isiyo yako kunagharimu. Aliye raia wa kuzaliwa akijaza fomu za tajnisi kwa kuwa kaambiwa ndiyo rahisi, amekiri kwa mkono wake kwamba alikuwa mgeni, na kukiri huko kutamfuata yeye na wanawe. Na asiye na mzazi raia akishikilia kuzaliwa peke yake anaweza kuzeeka akisubiri, ingawa maandishi ya sheria yako upande wake. Hili la pili linaniuma zaidi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kuzaliwa

Tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, kifungu cha 5, inasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake, yaani kuanzia 26 Aprili 1964, ni raia tangu siku aliyozaliwa. Inawatoa watoto wa aina mbili tu. Wa kwanza ni yule ambaye wazazi wake wote wawili si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi. Wa pili ni yule ambaye mzazi wake ni adui na amezaliwa mahali palipokuwa mikononi mwa adui. Basi. Mkimbizi hatajwi, mhamiaji hatajwi, na hakuna mahali kifungu kinapodai mzazi mmoja awe raia.

Hao wawili waliotolewa wana historia ndefu. Mizizi yake iko Uingereza, katika kesi ya Calvin ya mwaka 1608, majaji walipoamua kwamba mtoto aliyezaliwa Uskoti baada ya Mfalme James kurithi pia kiti cha Uingereza si mgeni Uingereza. Ukizaliwa katika ardhi ya mfalme, chini ya ulinzi wake, wewe ni mtu wake. Mtoto wa balozi hakuhesabiwa, wala mtoto wa jeshi lililovamia. Kanuni hiyo ikasafiri na utawala wa Kiingereza hadi Amerika, India na Afrika Mashariki. Waingereza wenyewe wamekwisha kuiacha. Tangu 1 Januari 1983 mtoto anayezaliwa Uingereza anahitaji mzazi ambaye ni raia au mwenye ruhusa ya kuishi huko bila kikomo.

Tanganyika ilipopata uhuru iliichukua kanuni hiyo nusu nusu. Aliyezaliwa kuanzia 9 Desemba 1961 alikuwa raia kwa kuzaliwa, ukiacha watoto wa mabalozi na maadui. Lakini kwa waliokwisha kuzaliwa kabla ya siku hiyo, kuzaliwa Tanganyika hakukutosha. Mmoja wa wazazi naye alitakiwa awe amezaliwa Tanganyika. Aliyekosa sharti hilo alipewa miaka miwili ya kwenda kujiandikisha, hadi Desemba 1963.

Habari hii ikisimuliwa, wanaotajwa ni Wahindi wa Dar es Salaam na Tanga ambao wazazi wao walizaliwa ng'ambo ya bahari. Ni kweli waliguswa. Lakini itazame ukiwa Kigoma. Ujiji ilijaa familia za Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo tangu zama za misafara. Warundi na Waha walivuka mpaka huku na huku kufuata ndoa, malisho na vibarua muda mrefu kabla Mjerumani na Mbelgiji hawajaligawa eneo. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ikaongeza watu wa kuja na kuondoka. Mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1940 na baba na mama waliozaliwa Baraka, upande wa pili wa maji, aliangukia kundi lile lile la mtoto wa mwenye duka wa Tanga. Mwenye duka alikuwa na gazeti na wakili wa kumweleza kuhusu ile miaka miwili. Mvuvi nani alimweleza?

Nasisitiza mwaka huo wa 1961 kwa sababu bado unaishi ndani ya mahojiano ya leo. Ofisa anapouliza babu alizaliwa wapi, anatafuta kama mnyororo ulikatika pale. Kama babu hakuwa raia siku ya uhuru na hakujiandikisha, baba naye atatiliwa shaka, kisha wewe.

Mwaka ule ule, Oktoba, bungeni kulikuwa na hoja kwamba uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika pekee. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliipinga kwa ukali mkubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba uraia ukiachana na utii kwa nchi na kufungamanishwa na rangi ya ngozi, ubaguzi hautaishia hapo. Utatafuta mwingine wa kubagua, halafu mwingine. Rangi haikuingia katika sheria, na nchi imefaidika kwa hilo hadi leo.

Sasa tuje kwenye utendaji. Idara ya Uhamiaji inakisoma kifungu cha 5 kana kwamba kina sharti moja zaidi: angalau mzazi mmoja awe alikuwa raia mtoto alipozaliwa. Kwa mtu wa Singida tofauti hiyo haionekani, maana wazazi wake hawana utata. Huku ndiko inakoamua maisha. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na tangu 2015 ikapokea Warundi pia. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1997 leo ni mtu mzima. Amezaliwa katika ardhi ya Tanzania, baba yake si balozi, Kasulu haijakaliwa na adui, na bado anahesabiwa mkimbizi kama wazazi wake. Maandishi yanamwita raia, ofisi inamwita mgeni. Mimi naamini maandishi yafuatwe kama yalivyo, na kama Bunge linataka sharti la mzazi raia, liliandike waziwazi na kulijadili waziwazi. Lakini anayechagua njia leo lazima ajue anachokwenda kukutana nacho dirishani.

Jambo jingine linalowachanganya watu: cheti cha kuzaliwa cha RITA kinathibitisha kwamba ulizaliwa, lini, wapi na nani wazazi wako. Hakithibitishi uraia. Kitunze, kwa sababu ndicho kinachokuunganisha na mzazi, ila usikiweke mezani ukidhani kazi imekwisha.

Vijana hupenda kutoa mfano wa Marekani, kwamba kule ukizaliwa tu umemaliza. Ni vizuri waijue historia yote. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo hata kama amezaliwa humo. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipite ndipo Rekebisho la 14 la Katiba, mwaka 1868, liandike kwamba aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia. Wenyeji wa asili bado wakabaki nje. John Elk, aliyezaliwa ndani ya kabila lake kisha akahamia kuishi mjini Omaha, alikataliwa kupiga kura, na mwaka 1884 mahakama hiyo hiyo ikasema si raia kwa sababu alizaliwa chini ya utii wa kabila. Wenyeji wote waliozaliwa ndani ya nchi walipewa uraia kwa sheria ya mwaka 1924. Fikiria hilo: watu waliokuwepo kabla ya wote ndio waliokuwa wa mwisho.

Katikati yake kuna kesi ya Wong Kim Ark, ambayo kwa mtu wa Nyarugusu ingefaa kusomwa kwa makini. Alizaliwa San Francisco na wazazi Wachina ambao sheria ya wakati huo haikuwaruhusu kabisa kupata tajnisi. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China akazuiwa kuingia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua ni raia: amezaliwa humo, wazazi wake walikuwa wakiishi humo alipozaliwa, na yeye si mtoto wa balozi wala wa adui. Majaji walirudi kwenye ile ile kanuni ya Kiingereza ambayo kifungu chetu cha 5 kimeirithi. Januari 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuwanyima uraia watoto wa wazazi wasio na vibali vya kudumu, na majaji wa mahakama za chini wakaizuia. Kwa hiyo hata huko, baada ya miaka zaidi ya mia moja, jambo hili linarudi mahakamani.

Haki inayotokana na mahali pa kuzaliwa inaweza pia kufutwa kwa kurudi nyuma. Kenya iliiondoa mwaka 1985, ikahesabu tangu uhuru wa 1963. Mahakama ya Katiba ya Jamhuri ya Dominika, mwaka 2013, ilirudi nyuma hadi waliozaliwa mwaka 1929, na maelfu ya watu wenye asili ya Haiti wakajikuta hawana nchi.

Uchaguzi wangu hapa ni huu. Simamia uraia wa kuzaliwa kama ulizaliwa Tanzania na unaweza kumthibitisha japo mzazi mmoja raia. Usikubali kushushwa kwenye tajnisi kwa sababu mzazi wa pili ni Mkongo au Mrundi. Mmoja anatosha, na mama anatosha sawasawa na baba.

Kurithi

Njia hii ni ya aliyezaliwa nje ya nchi, na kwa watu wa ziwani si jambo la ajabu. Mama anakwenda Uvira na mumewe mfanyabiashara, anajifungulia huko, wanarudi Kibirizi mtoto akiwa anatembea. Huyo ni raia wa kurithi ikiwa baba au mama yake alikuwa raia kwa njia isiyo ya kurithi.

Zamani haikuwa hivyo. Chini ya sheria ya 1961 uraia wa aliyezaliwa nje ulipitia kwa baba peke yake. Mwanamke wa Ujiji aliyejifungulia Kalemie na mume Mkongo alikuwa na mtoto mgeni. Sheria ya 1995 ilimweka mama sawa na baba, na kwangu hilo ndilo jambo jema kuliko yote lililomo ndani yake.

Kasoro yake ni kwamba urithi huu unakwenda hatua moja tu. Mtoto wa Uvira ni raia. Naye akizaa Uvira na Mkongo wa mtaani, mjukuu si raia wa Tanzania. Kila mwaka wapo wajukuu wanaorudi Kigoma na jina la ukoo, wanapokelewa na shangazi na wajomba, wanaonyeshwa makaburi, na kisheria hawana chochote isipokuwa kuanza safari ya tajnisi. Ushauri kwa mwenye uraia wa kurithi ni wa wazi: kama una uwezo wa kuchagua, mkeo ajifungulie upande huu. Mtoto atakuwa raia wa kuzaliwa na mnyororo unaanza upya.

Ushahidi wa kurithi na wa kuzaliwa unafanana, kwa hiyo niueleze mara moja. Cha kwanza ni karatasi za mzazi: cheti cha kuzaliwa kama kipo, kitambulisho cha taifa, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kadi ya kliniki. Kwa wazee wasio na vyeti hivyo, tafuta daftari la ubatizo. Misheni za Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe au White Fathers, zilikuwepo Tabora na Kigoma tangu karne ya 19, na madaftari yao yanataja jina la mtoto, wazazi na mahali. Kwa familia za Kiislamu tafuta vyeti vya ndoa. Stakabadhi ya kodi ya zamani, kadi ya chama cha ushirika cha tumbaku, barua ya ajira ya reli, vyote vinasaidia kuonyesha mzee aliishi hapa lini. Kisha kiapo mbele ya wakili au mahakamani, na barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Wazee wanaoweza kuapa kwamba walimfahamu babu yako wanapungua. Wachukue maelezo sasa, wangali na kumbukumbu.

Usidhani cheo kinakuokoa. Mwaka 2001 serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, mwandishi wa habari mashuhuri ambaye alikwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Hapa hapa mkoani Tabora, mwaka 2010, Hussein Bashe alishinda kura za maoni za chama chake Nzega kisha jina lake likaondolewa kwa hoja ya uraia, ingawa Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema ni raia. Miaka mitano baadaye akachaguliwa mbunge wa Nzega Mjini, na leo jina lake linajulikana nchi nzima. Kama watu wenye majina makubwa wanaulizwa, mkulima wa Kakonko atakwepaje? Wakati wa Operesheni Kimbunga, mwaka 2013, iliyogusa Kagera, Geita na Kigoma, aliyekuwa na karatasi nyumbani alikuwa na la kujibu. Waliokuwa na majirani tu kama mashahidi walipata taabu kubwa.

Tajnisi

Hii ndiyo njia ya asiye na mzazi raia, na mkoa wa Tabora una mfano wake mkubwa kuliko karibu popote Afrika. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, upande wa Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka msitu, wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi, wakazaa. Mwaka 2007 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi sana walichagua kubaki, na watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa.

Kukubaliwa kulitangazwa mwaka 2010. Vyeti vikachelewa, kwa sababu kulikuwa na sharti kwamba waondoke kwenye makazi na kusambazwa mikoa mingine. Fikiria mtu aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1975 anaambiwa akitaka kuwa Mtanzania lazima aiache Ulyankulu. Sharti hilo liliachwa, na vyeti vikaanza kugawiwa mwishoni mwa 2014. Kabla yao, mwaka 1980, Tanzania ilikwisha kuwapa uraia Wanyarwanda zaidi ya 30,000. Ni historia ya kujivunia na ninaisema kwa moyo wote. Lakini wapo Warundi wa 1972 waliokaa vijijini Kigoma kwa ndugu zao badala ya makazi rasmi, na hao hawakuingia katika hesabu ile ya 162,000. Nao wana miaka zaidi ya 50 hapa.

Kwa mwombaji wa kawaida, masharti ya sheria ni haya: uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo uwe umeishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba, ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na mwenendo mwema, uwe na mchango kwa nchi, na ukusudie kuendelea kuishi hapa. Ukikubaliwa unaukana uraia wa zamani. Lugha haimsumbui mtu wa Kigoma. Kinachosumbua ni kuthibitisha kwamba miaka yake ya kukaa ilikuwa halali, na ada. Wengi wanaoitwa walowezi wameishi miaka thelathini bila kibali hata kimoja. Tena Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye ndiye mwenye uamuzi, halazimiki kueleza sababu ya kukataa. Unaweza kutimiza kila kitu na ukakataliwa bila kujua kosa lako.

Ukilinganisha na kuzaliwa, tajnisi ina mapungufu mawili ya kudumu. Uraia wa tajnisi unaweza kunyang'anywa, kwa mfano ukionekana umeupata kwa udanganyifu au umekosa utii kwa nchi, wakati raia wa kuzaliwa hanyang'anywi namna hiyo. Na Katiba, ibara ya 39, inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Hilo la pili halimsumbui mkulima wa Kaliua, ila la kwanza linamnyima usingizi, na ana haki.

Faida yake kubwa iko kwa watoto. Mzazi akipata tajnisi, mtoto atakayezaliwa Tanzania baada ya hapo ana mzazi raia, na hivyo ni raia wa kuzaliwa hata kwa tafsiri ile kali ya ofisi. Watoto wa Ulyankulu waliozaliwa baada ya wazazi kuandikishwa wanaweza kugombea hata Ikulu. Kwa hiyo kwa mtu asiye na mzazi raia, ambaye ana ukaazi halali na umri wa kuzaa bado, ninamshauri aombe tajnisi bila kuchelewa, hata kama anaamini kama mimi kwamba kifungu cha 5 kingetosha.

Kuhusu ndoa, sheria haijawa sawa. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba kwa msingi wa ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Binti wa Ujiji aliyeolewa na Mkongo wa Nyarugusu anazaa watoto raia, lakini baba yao anapanga foleni ya miaka saba na miezi 12 kama mtu asiye na familia hapa. Bunge lilimrekebishia mama mwaka 1995 kwa upande wa watoto. Kwa upande wa mume bado.

Ng'ambo ya ziwa, kwa mwenye kuchagua akiwa na miaka 18

Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa, akifika miaka 18, kuukana ule mwingine, la sivyo wa Tanzania unapotea. Kigoma imejaa vijana wa namna hii na wengi hawajui kama saa yao inakwenda. Basi wanapaswa kuujua pia ule uraia wanaouacha au kuushika.

Kongo imekuwa ikiandika uraia wake kwa tarehe. Katiba ya 1964 ilidai uwe na mzazi au babu wa kabila lililokuwepo nchini kabla ya 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta na kurudisha tarehe nyuma hadi 1 Agosti 1885. Watu walilala raia wakaamka wageni, na vita vilivyofuata huko Kivu vilichukua sehemu ya moto wake hapo. Sheria ya 2004 ikaileta tarehe mbele hadi 30 Juni 1960, siku ya uhuru, na mtoto anaupata kwa baba au mama. Lakini Kongo, kama sisi, inasema uraia wake ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine.

Burundi ni kinyume. Tangu sheria yake ya mwaka 2000 inaruhusu uraia wa nchi mbili, ila mtoto anafuata baba. Mama Mrundi hampi mtoto uraia wake isipokuwa pale ambapo baba hatambuliki kisheria. Kwa hiyo kijana wa Manyovu mwenye baba Mtanzania na mama Mrundi kwa kawaida hana cha kuchagua, yeye ni Mtanzania tu, na asikubali kutishwa kwamba ana uraia wa pili. Mwenye baba Mrundi na mama Mtanzania ndiye mwenye nyaraka mbili mezani. Burundi haitamlazimisha kuchagua, Tanzania itamlazimisha.

Kwa huyo wa mwisho, na kwa mwenye baba Mkongo na mama wa Kigoma, naona mizani iko upande wa Tanzania kama maisha yake yako hapa. Uraia wake wa hapa ni wa kuzaliwa, hauwezi kunyang'anywa kama wa tajnisi, na wanawe wataupata kwa baba au mama bila kujali. Akiuacha ukapotea, kurudi ni kwa tajnisi, yaani kwa hiari ya Waziri. Kinyume chake, kwa anayekusudia kuishi Bujumbura au Uvira, kumiliki ardhi huko na kufanya siasa huko, kushika uraia wa baba kuna maana, mradi aamue mwenyewe na si kwa kupitiwa na wakati.

Asisubiri siku ya kuzaliwa ya 18. Ukipita mwaka wa 17, aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Kigoma mjini au Tabora, akiwa na cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya mzazi raia na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo, aulize tamko la kuukana uraia mwingine linajazwaje na kiapo kinaapwa wapi, na kila karatasi anayoiacha pale aondoke na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.